Mkeka Ukutani, Sura Juu ya Gome: Uchambuzi wa Banda la Uganda Kule Venice, 2022

Tarehe 23 Aprili 2022, siku ambayo Biennale ya Venice ya 59, maonyesho ya kimataifa ya sanaa yanayofanyika katika mji huo wa Italia, ilifunguliwa kwa umma, jopo la majaji lilimpa Sonia Boyce wa Uingereza Simba wa Dhahabu, yaani tuzo ya nchi mshiriki bora, kisha likazitaja kwa heshima ya pekee nchi mbili, Ufaransa na Uganda. Ufaransa, iliyowakilishwa na Zineb Sedira, ina jengo lake la kudumu ndani ya bustani za maonyesho hayo, ambayo yenyewe yalianza mwaka 1895. Uganda ilikuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza katika historia yake, haikuwa na jengo, ilipata vyumba ndani ya Palazzo Palumbo Fossati, kasri la zamani lililoko upande wa San Marco, na ilikuwa imepeleka wasanii wawili tu.

Wasanii hao ni Acaye Kerunen, ambaye kazi zake hujengwa kwa nyuzi za mimea, mikeka, makuti na magome, na Collin Sekajugo, mchoraji wa watu. Maonyesho yao yaliitwa "Radiance: They Dream in Time", jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema hivi: Mng'aro, Wanaota Ndani ya Wakati. Msimamizi wake alikuwa Shaheen Merali, mzaliwa wa Tanzania ambaye kabla ya hapo aliwahi kuongoza idara ya maonyesho katika Haus der Kulturen der Welt, kituo cha sanaa na utamaduni kule Berlin. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinajibu swali ambalo wasimamizi wengi wa maonyesho katika ukanda wetu hulikwepa: je, kazi ya mikono iliyozaliwa mkekani na picha iliyozaliwa katika chumba cha mchoraji zinaweza kuwekwa chumba kimoja bila moja kugeuka kuwa pambo la nyingine?

Mara nyingi haziwezi, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mtu akiingia chumbani macho yake hutafuta sura ya mtu kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo picha yenye uso hunyakua hisia zake zote, na kile kilichosukwa, hata kingekuwa kimechukua miezi sita ya kazi, hubaki pembeni kama zulia au pazia. Ndiyo maana maonyesho mengi ya wasanii wawili wa aina hii huishia kuwa ya mmoja na nusu. Msimamizi anayetambua hatari hiyo hujaribu kuizuia kwa kutenga vyumba, huyu hapa na yule kule, na hapo mtazamaji hupata maonyesho mawili yaliyolipiwa kodi moja. Banda la Uganda lilipita katikati ya mashimo hayo mawili, na kwa maoni yangu lilifaulu kwa sababu wawili hao hawakuunganishwa na mada bali na malighafi.

Malighafi hiyo ni lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, ambao kitaalamu huitwa Ficus natalensis. Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu anayeitaja lubugo kama "kitambaa cha asili" tu huwa hajaelewa nini kilikuwa kimetundikwa kwenye kuta za kasri lile. Fundi huivuna wakati wa mvua, gome linapokuwa na maji ya kutosha. Hukwangua ngozi ya nje, hukata duara juu na duara chini, huchana mstari mmoja wa wima, halafu hulibandua gome lote kwa utaratibu kama mtu anayemvua mgonjwa shati. Shina lililobaki uchi hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, nalo huota gome jipya, hivyo kwamba mti mmoja unaotunzwa vizuri huweza kuvunwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Lile gome lililobanduliwa hupitishwa kwenye joto, hulazwa juu ya gogo ndani ya kibanda kilicho wazi, na hapo hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kwanza zile zenye mifuo mipana, baadaye zile za mifuo myembamba, likizidi kutanuka na kulainika mpaka linakuwa nguo. Likianikwa juani, rangi yake hugeuka kuwa nyekundu ya udongo. Palipotoboka huwekwa kiraka, na kiraka hicho hushonwa kwa uzi wa mmea. Kwa hiyo hata kabla ya msanii yeyote kuigusa, lubugo imeshabeba mambo mawili pamoja: uso mpana unaoweza kupokea picha, na mshono wa nyuzi unaoushikilia uso huo usichanike.

Katika Buganda kazi hiyo ilikuwa ya mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya fundi mkuu wa kurithi aitwaye Kaboggoza, na nguo yenyewe ilivaliwa na wafalme na wakuu katika kutawazwa, katika mikutano na katika mazishi. UNESCO iliutangaza ustadi huu kuwa urithi adhimu wa binadamu mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunahusika na historia yake kuliko tunavyopenda kukumbuka, kwa kuwa misafara iliyopanda bara kutoka pwani katika karne ya 19 ndiyo iliyopeleka pamba, ile merikani na ile kaniki iliyopita Unguja, na pamba hiyo ndiyo iliyoanza kuivua lubugo kutoka miili ya watu. Gome likabaki la misiba na la sherehe za jadi. Mtu anayeliona limetundikwa Venice, mji uliotajirika kwa kuuza vitambaa vya watu wengine, anaona kitu ambacho kiliwahi kushindwa na soko la nguo kikirudi ndani ya nyumba ya wafanyabiashara.

Sekajugo alizaliwa Masaka mwaka 1980 na amefanya kazi Uganda na Rwanda. Mwaka 2007 alianzisha Ivuka Arts kule Kigali, na baadaye huko kwao Masaka akaunda jumuiya ya wasanii iliyopewa jina la ndege mnana, yule anayesuka kiota chake. Tangu mwaka 2012 amekuwa akiendeleza mfululizo wa picha unaoitwa "Stock Image". Chanzo chake ni zile picha za matangazo zinazouzwa mtandaoni kwa yeyote anayezihitaji: familia inayocheka sebuleni, mwanamke aliyejinyoosha kochini, mwenye mali aliyeketi akikunja nne. Kwa miaka mingi watu waliojazwa katika picha hizo walikuwa Wazungu, hata pale picha ilipodai kuonyesha furaha au mafanikio ya binadamu yeyote. Sekajugo huuchukua mkao, kiti, sebule na mwanga wake, kisha humketisha hapo mtu mweusi. Hampaki rangi tu. Humjenga kwa tabaka za rangi ya akriliki, lubugo, karatasi na mabaki mengine, hivi kwamba ukisogea karibu, mwili uliouona ukiwa mlangoni unavunjika na kuwa vipande vilivyounganishwa. Mchoraji huyu ni mshonaji kwa kiasi kikubwa.

Kerunen naye, mzaliwa wa Kampala wa mwaka 1981, ni mshairi, mwigizaji na mwanaharakati aliyefika kwenye nyuzi kwa njia ya maneno na jukwaa. Njia yake ya kazi ni hii: hukusanya vitu vilivyosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za Uganda, vitu vyenye matumizi nyumbani kama mikeka na vikapu, huvifumua au huvikunjua, kisha huviunganisha upya kuwa maumbo makubwa yanayoning'inia, yanayotambaa ukutani au yanayomwagika sakafuni. Maonyesho yake binafsi ya Kampala mwaka 2021 aliyaita "Iwang Sawa", maneno ya Kialur yenye maana ya "katika jicho la wakati". Msomaji wa Kiswahili atalitambua humo neno lake mwenyewe, saa, likiwa limesafiri mbali na pwani na kukaa vizuri, kama vile neno mkeka lilivyokaa katika Kiganda likawa omukeeka.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa. Mkeka katika nyumba zetu hauna mahali pa juu. Hutandikwa, hukaliwa, husaliwa, hulaliwa na mgonjwa, hukaliwa siku za matanga, halafu hukunjwa na kuegemezwa kwenye kona. Hata ule ulio mzuri kupita yote, wa ukindu uliopikwa rangi nne, heshima yake ni kutandikiwa mgeni, yaani kuwekwa chini ya mtu. Mtu aliyewahi kukaa karibu na msukaji anajua kazi iliyomo: majani yachanwe kwa upana unaolingana, yalowekwe, ukili usukwe kwa vidole huku mdomo ukiendelea na mazungumzo, na ukili huo mrefu ushonwe ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Kosa la jani moja huonekana mpaka mwisho wa ukili, na msukaji hodari huligundua kwa ncha ya kidole kabla ya jicho. Kuunyanyua mkeka kutoka chini na kuupandisha ukutani, mahali pa picha, ni kubadilisha nani anamtazama nani. Pia ni kuufumua, na kuna msusi atakayeumia akiona ukili wake umefumuliwa. Kerunen ameikubali gharama hiyo, nami nadhani alifanya sawa, kwa sababu mkeka mzima uliotundikwa tu ungebaki kuwa bidhaa ya duka la watalii.

Sasa uweke mkeka huo uliofumuliwa kando ya picha ya Sekajugo. Kwa kuwa mtu aliye kochini amejengwa kwa gome, na umbo lililo jirani yake limejengwa kwa gome na makuti, jicho halipati mpaka wa kusimama. Uso huvuta kwanza, kama ilivyo ada, lakini badala ya kuishia usoni, jicho hushuka kwenye bega, hukuta mshono, na mshono hulipeleka upande wa pili wa chumba ambako mishono ni mingi na haina uso. Mtazamaji huanza kuuliza mwili uko wapi katika zile nyuzi, na jibu ni kwamba uko katika vidole vilivyosuka. Kwa namna hiyo, maonyesho yote mawili yanakuwa ya watu: moja linaonyesha mtu aliyeketi, jingine linaonyesha kazi ya mtu ambaye hakupata nafasi ya kuketi. Sioni kama jambo hili lingetokea iwapo Merali angewachagua wasanii wawili kwa kigezo cha mada, tuseme "mwanamke" au "mazingira", halafu akaacha kila mmoja alete vifaa vyake.

Majaji wenyewe waliliona jambo la malighafi. Katika maelezo yao waliwasifu wote wawili kwa maono na kujitolea kwao kufanyia kazi ndani ya nchi yao, na kuhusu Kerunen walitaja magome na makuti yake kama mfano wa kutunza mazingira kwa vitendo, si kwa sera. Sifa hiyo ni ya haki, ila naiona fupi. Inalitazama gome kama jambo la mazingira na kuliacha jambo la kazi: nani alilivuna, nani alilipiga, nani alisuka.

Mgawanyiko wa picha huku na ususi kule haukuanzia Venice, na katika Afrika Mashariki una anwani inayojulikana. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na katika miaka ya 1940 jumba la makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, lilihifadhiwa hapo hapo shuleni chini ya uangalizi wake kabla ya kuhamia Kitante mwaka 1954. Mtu huyo mmoja alizipenda kwa dhati sanaa za wenyeji na aliziandika kwa makini mno. Hata hivyo njia mbili zilikuwa zimeshachorwa. Vikapu, ngoma na magome viliingia kabatini na kupewa jina la kabila. Mwanafunzi aliyechora alipewa jina lake mwenyewe. Ndiyo njia aliyoipita Sam Ntiro, Mchagga kutoka Kilimanjaro, aliyechora watu wa kwao wakiwa mashambani na katika sherehe, akafundisha Makerere na baadaye akaiwakilisha Tanganyika kama balozi wake London. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York. Wanawake waliosuka vikapu wanavyobeba watu ndani ya picha za namna ile hawana jina katika daftari lolote. Silisemi hili kumpunguzia Ntiro heshima. Nalisema kwa kuwa banda la mwaka 2022 lilikuwa linazungumza na historia hiyo moja kwa moja, kwa kuziweka njia mbili zile sakafu moja baada ya miaka themanini na zaidi.

Kulikuwa pia na jambo la karibu zaidi kwa majirani. Kenya iliwahi kupata banda Venice mwaka 2013 lililojaa wasanii wa Kichina na Kiitaliano kuliko Wakenya, na mwaka 2015 jambo hilo lilipoelekea kujirudia wasanii wa Kenya walipiga kelele mpaka serikali yao ikalikana banda hilo. Kenya ilirudi mwaka 2017, na tena mwaka 2022, kwa njia nyingine. Katika hali hiyo, uamuzi wa Uganda wa kupeleka wawili tu, wote wakiwa wanafanya kazi nyumbani, ulikuwa na maana ambayo haionekani kwa mtazamaji wa Ulaya. Nchi inayoshiriki mara ya kwanza hushawishika kupeleka kumi au kumi na wawili ili kila mkoa na kila kizazi kipate mtu wake, na matokeo huwa kama soko la maonyesho ya biashara. Wawili ni wachache kiasi cha kulaumiwa na wote walioachwa. Lakini ni wachache kiasi cha kumpa mtazamaji muda wa kukaa na kila mmoja, na nafasi kama ya Palazzo Palumbo Fossati, yenye vyumba vya kuishi watu na si kumbi, isingebeba zaidi.

Lililobaki bila kutatuliwa katika kisa hiki ni hesabu ya majina. Maonyesho ya wasanii wawili yana majina mawili mlangoni. Kwa upande wa Sekajugo hakuna tatizo kubwa, kwa kuwa mkono uliobandika na kupaka ni wake. Kwa upande wa Kerunen, mikono ni mingi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuificha: amekuwa akiwaita wasukaji washirika wake na kuieleza kazi yake kama kazi inayofanyika pamoja nao. Hata hivyo umbo la "wasanii wawili" halina mahali pa kumweka mtu wa tatu, sembuse wa ishirini. Tuzo hutolewa kwa jina, jumba la mauzo hununua kwa jina, na mwandishi wa gazeti huandika jina moja kwa kuwa ndilo lililo kwenye karatasi aliyopewa. Hapo ususi unakuwa umepanda ukutani, lakini msukaji amebaki chini mkekani. Nalitamka hili kwa uzito kwa sababu naamini ndilo jaribio halisi la maonyesho yoyote ya sanaa ya nyuzi katika nchi zetu, ambako msanii anayetambulika mjini na wanawake wanaosuka vijijini hukutana mara nyingi kama mnunuzi na muuzaji. Bei iliyolipwa kwa mkeka ikiwa ni bei ya sokoni, na kazi iliyotokana nao ikiuzwa kwa bei ya jumba la sanaa, tofauti iliyo katikati inahitaji maelezo, hata pale ambapo msanii ana nia njema na amelipa kwa haki.

Kinachonipa moyo ni kwamba hoja hii haikuachwa ielee. Uganda iliporudi Venice mwaka 2024, Kerunen alikuwa msimamizi wa banda na hakuwa tena mmoja wa waonyeshaji, na jina alilolipa maonyesho lilisema jambo moja kwa lugha kadhaa za nchi yake: "Wan Acel, Tuli Bamu, Turibamwe", yaani sisi ni wamoja. Katika orodha ya wasanii, pamoja na Sana Gateja, Taga Nuwagaba, Xenson Ssenkaaba, Jose Hendo na Odur Ronald, waliingia wanawake wasukaji kama kikundi chenye jina lake, wakiwa wasanii waonyeshaji sawa na wengine. Mwaka huo huo Tanzania nayo ilifungua banda lake la kwanza katika mji ule. Msimamizi wa Uganda, aliyekuwa ameingia Venice miaka miwili kabla akiwa mmoja wa wawili, alirudi na watu waliokuwa ndani ya nyuzi zake, safari hii wakipita mlango ule ule wa wasanii.